Jinsi ya Kuisikiliza Albamu ya Kwanza Iliyopuuzwa ya Pawa Metali ya Simfoni

Albamu ya kwanza ya bendi ya pawa metali ya simfoni, yaani roki nzito ya kasi iliyochanganywa na sauti za okestra, huzaliwa na mzigo ambao albamu za baadaye hazinao. Mtunzi anataka kwaya, fidla, filimbi na tarumbeta ziende sambamba na magitaa ya umeme na ngoma za kasi, ilhali uwezo wake unatosha kulipia studio kwa muda mfupi na vinanda vichache vya kuigiza okestra nzima. Bendi ikifanikiwa, albamu ya pili au ya tatu hurekodiwa kwa fedha za kutosha, husikika nene na pana, na wasikilizaji wapya huanzia hapo. Ile ya kwanza hubaki kuwa jina tu katika orodha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msikilizaji anayetaka kuirudia albamu ya namna hiyo na kuihukumu kwa haki. Mfano nitakaoutumia zaidi ni Legendary Tales, iliyotolewa mwaka 1997 na bendi ya Rhapsody kutoka mji wa Trieste, Italia. Si albamu isiyojulikana kabisa, lakini kwa maoni yangu husikilizwa kidogo kuliko inavyostahili, kwa kuwa mwaka uliofuata bendi hiyohiyo ilitoa Symphony of Enchanted Lands yenye wimbo "Emerald Sword", na wengi wanaopendekezewa bendi hii huambiwa waanzie huko.

Tambua kwanza sababu ya kupuuzwa

Kabla ya kusikiliza chochote, jiulize kwa nini albamu hiyo iliachwa nyuma, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuelekeza namna ya kuisikiliza. Mara nyingi sababu ni mwimbaji. Stratovarius ya Ufini ilitoa Fright Night mwaka 1989, wakati mpiga gitaa Timo Tolkki ndiye aliyekuwa akiimba. Timo Kotipelto, ambaye sauti yake ndiyo iliyoipatia bendi hiyo sifa, alijiunga mwaka 1994. Kamelot ya Marekani ilianza na Eternity mwaka 1995 ikiwa na mwimbaji Mark Vanderbilt, na Roy Khan alisikika kuanzia albamu ya tatu, Siege Perilous ya mwaka 1998. Anayezifungua albamu hizi akiisubiri sauti ambayo haimo atachoka kabla ya wimbo wa tatu, na uchovu huo hautakuwa na uhusiano wowote na ubora wa nyimbo zenyewe. Kwa albamu za aina hii, zisikilize kama kwamba bendi ilivunjika baada ya kuzitoa na haikurekodi kitu kingine.

Sababu nyingine ni kwamba bendi ilikuwa haijaamua inataka kuwa nini. Nightwish iliundwa mwaka 1996 huko Kitee, Ufini, ikiwa na wazo la kupiga nyimbo za utulivu zisizotegemea magitaa ya umeme. Ilipotoa Angels Fall First mwaka 1997, mtunzi na mpiga kinanda Tuomas Holopainen alikuwa bado anaimba mwenyewe katika baadhi ya nyimbo kando ya Tarja Turunen, na mpiga gitaa Emppu Vuorinen ndiye aliyepiga na besi. Ukiitafutia albamu hiyo mshikamano utaambulia patupu. Chenye faida ni kuutazama kila wimbo kama jaribio linalojitegemea, kisha kuona ni lipi lilizaa matunda baadaye na lipi liliachwa njiani.

Legendary Tales haina tatizo lolote kati ya hayo mawili. Mwimbaji ni Fabio Lione, yuleyule wa albamu zilizofuata. Watunzi ni Luca Turilli wa gitaa na Alex Staropoli wa kinanda. Na waliosimamia kazi ya studio nchini Ujerumani, Sascha Paeth na Miro, waliendelea na bendi hiyo kwa miaka mingi. Iliyoifunika ni mdogo wake mwenyewe, yaani Symphony of Enchanted Lands. Hali hii ni nzuri kwa anayejifunza kusikiliza, kwani mambo mengi yamebaki vilevile kati ya albamu ya kwanza na ya pili, na kwa hiyo kile kilichobadilika huonekana waziwazi.

Pata toleo linalofaa

Tafuta albamu hii kwa majina yote ya bendi. Mwaka 2006 Rhapsody ililazimika kubadili jina na kuwa Rhapsody of Fire kwa sababu ya haki za jina la biashara, na mwaka 2011 Turilli alijitenga na kuunda kundi lake lililobeba jina la Luca Turilli's Rhapsody. Kwa sababu hiyo, rekodi za zamani huweza kuorodheshwa mahali tofauti na pale unapozitarajia, na msikilizaji asiyefahamu historia hii anaweza kudhani kwamba albamu haipatikani.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua rekodi ya awali kwanza na matoleo yaliyosafishwa upya baadaye. Matoleo mapya mara nyingi huongezwa ukubwa wa sauti, na sikio la binadamu lina udhaifu unaojulikana vyema na mafundi wa studio: likisikilizishwa rekodi mbili zinazofanana, huipenda ile yenye sauti kubwa zaidi hata kama haina ubora wa ziada. Ukitaka kuzilinganisha, punguza sauti ya toleo jipya mpaka uimbaji usikike kwa kiwango kilekile katika yote mawili. Nyimbo za nyongeza zilizopachikwa mwishoni uziache kwa siku nyingine, kwa sababu albamu kama hii ilipangwa iwe na mwanzo na mwisho wake.

Epuka pia faili zilizobanwa kupita kiasi. Katika faili za MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, vitu vya kwanza kuharibika ni matoazi, kwaya na ncha za sauti za fidla, na hivyo ndivyo vitu vinavyoitofautisha pawa metali ya simfoni na metali ya kawaida. Lawama nyingi zinazotupiwa albamu za kwanza za miaka ya 1990 kwamba zinasikika kama zinatoka ndani ya kopo zingepungua iwapo walalamikaji wangesikiliza diski halisi au faili isiyopunguzwa ubora.

Mara ya kwanza, usikatize

Legendary Tales ina vipande kumi na haifiki saa moja. Zima uchezaji wa kuchanganya mpangilio, kaa mahali ambapo hutaingiliwa, na uisikilize yote bila kusoma mashairi na bila kuandika chochote. Kipande cha kwanza, "Ira Tenax", ni kwaya ya Kilatini inayochukua muda mfupi sana kabla ya "Warrior of Ice" kuingia kwa kasi, na ukiruka mlango huo kwa haraka ya kufikia magitaa utakuwa umeupunguza nguvu wimbo unaofuata. Vivyo hivyo "Virgin Skies", kipande kifupi kisicho na uimbaji kilichowekwa katikati, huonekana cha kupuuzwa kikichezwa peke yake, lakini kazi yake ni kulipumzisha sikio kabla ya "Land of Immortals". Katika usikilizaji huu wa kwanza jambo moja tu la kukumbuka ni viitikio gani vilivyobaki kichwani baada ya ukimya kurudi.

Kisha fuata chombo kimoja kimoja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapomshauri msikilizaji atumie muda wake mwingi. Irudie albamu mara kadhaa, kila mara ukikifuata chombo kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho kana kwamba vingine havipo. Tumia visikizi vya masikioni, kwa sababu kwaya na vinanda hugawanywa upande wa kushoto na wa kulia, na mgawanyo huo hupotea katika spika moja ndogo.

Anza na ngoma, maana ndizo zinazoeleza sababu ya malalamiko mengi kuhusu sauti nyembamba. Katika mtindo huu mpigaji hutumia kanyagio mbili kuipiga ngoma kubwa kwa miguu yote miwili, na mwendo wa mapigo 160 kwa dakika ni wa kawaida kabisa. Akipiga mara nne katika kila pigo, hiyo ni mipigo 640 kwa dakika, yaani zaidi ya kumi kwa sekunde. Mlio mzito wa ngoma kubwa huhitaji muda kufifia, na kwa kasi hiyo mpigo mmoja haujaisha kabla ya mwingine kuanza. Fundi asipochukua hatua, matokeo ni ngurumo moja isiyo na umbo. Kwa hiyo hupunguza sehemu nzito ya mlio na kuukuza ule mgoto mkavu wa nyundo ya kanyagio ikigusa ngozi. Ukisikia ngoma zinazogotagota bila uzito tumboni, fahamu kwamba huo ni uamuzi wenye sababu, ingawa bendi zenye muda na fedha zaidi hupata njia za kurudisha uzito bila kupoteza uwazi.

Hamia kwenye vinanda. Fidla halisi ishirini hazianzi noti kwa wakati mmoja kabisa, wala haziko katika kimo kimoja kabisa cha sauti. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoifanya okestra isikike hai. Kinanda kinachoiga fidla huanza kila noti kwa namna ileile, na katika noti ndefu za polepole uigaji huo hujifichua mara moja. Mtunzi mwenye akili hulijua jambo hili na huandika kulingana nalo: huzipa fidla za bandia noti fupi za haraka zinazokatwakatwa, huifunika sehemu ndefu kwa kwaya, na huacha ala halisi ibebe wimbo pale inapopatikana. Sikiliza "Forest of Unicorns", ambamo gitaa lisilo la umeme na filimbi huchukua nafasi ya mbele na kuleta hali ya dansi za kale za Ulaya. Hakuna mahali pengine katika albamu ambapo uchache wa vifaa unageuzwa kuwa faida kwa uzuri kama hapo, na nathubutu kusema kwamba bendi hii, ilipopata kwaya kubwa na okestra baadaye, haikuandika tena mara nyingi kwa wepesi wa namna hiyo.

Magitaa yanahitaji subira. Yamewekwa nyuma kidogo ya vinanda, na kuna sababu ya kiufundi: gitaa lililokolezwa mlio, fidla na sauti ya mwimbaji wa kiume vyote hugombea eneo lilelile la kati ya sauti nzito na nyembamba, kwa hiyo anayechanganya sauti hana budi kumnyima mmoja ili mwingine asikike. Lakini ukiyafuata kwa makini katika "Flames of Revenge" utasikia kwamba Turilli hapigi solo ya roki ya kawaida. Noti zake hushuka na kupanda kwa ngazi, zikirudia umbo moja katika akodi (kundi la noti zinazolia pamoja) moja baada ya nyingine, na huu ndio utaratibu wa watunzi wa Kiitaliano wa enzi ya Vivaldi, mwanzoni mwa karne ya 18. Magitaa mawili yanayokwenda pamoja, moja likiwa noti mbili za ngazi ya muziki juu ya jingine, ni urithi wa karibu zaidi: yamo tele katika Keeper of the Seven Keys ya Helloween ya Hamburg, ambayo sehemu yake ya kwanza ya mwaka 1987 ndiyo chimbuko ambalo bendi nyingi za mtindo huu hulirejelea.

Mwisho fuata uimbaji, na hapa tumia kipimo kisichohitaji elimu ya muziki. Chukua kiitikio cha wimbo wowote, kiimbe kwa sauti ya chini bila maneno, bila ngoma, bila kwaya, polepole kuliko kilivyorekodiwa. Kama bado kina umbo linaloeleweka, mahali pa kupanda na mahali pa kutua, basi utunzi ni imara na udhaifu wowote unaousikia ni wa rekodi. Kama kinageuka kuwa noti mbili zinazorudiwarudiwa, basi ni kasi na wingi wa vyombo uliokuwa unakudanganya. Viitikio vya "Rage of the Winter" na "Land of Immortals" hupita kipimo hiki bila shida. "Echoes of Tragedy", kwa upande wangu, hupita kwa taabu, kwani wimbo huo wa polepole hutegemea mno kwaya kujaza nafasi ambazo mstari wa sauti umeziacha tupu.

Linganisha wimbo uleule katika rekodi mbili

Baada ya kuzifahamu nyimbo, kuna zoezi ambalo albamu chache za kwanza huliwezesha. Mwaka 2017 Rhapsody of Fire, ikiwa na mwimbaji mpya Giacomo Voli baada ya Lione kuondoka, ilitoa Legendary Years, ambamo ilirekodi upya nyimbo za miaka yake ya mwanzo, zikiwemo "Flames of Revenge" na "Land of Immortals". Zisikilize kwa kubadilishana, wimbo kwa wimbo, sauti ikiwa imesawazishwa kama nilivyoeleza juu. Utakachogundua kwanza ni kwamba rekodi mpya ina magitaa yenye uzito na ngoma zenye mwili, na kwamba karibu kila lawama ya kiufundi imejibiwa. Utakachogundua baadaye, ukiwa na subira, ni kwamba mpangilio wa nyimbo haukuhitaji marekebisho makubwa. Huo ndio ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba utunzi wa mwaka 1997 ulikuwa umekomaa tayari, na ni ushahidi unaoweza kuupata kwa masikio yako bila kumtegemea mhakiki yeyote, nikiwemo mimi.

Mashairi na hadithi

Soma mashairi baada ya kuzifahamu nyimbo, si kabla. Legendary Tales ndiyo inayofungua hadithi ndefu ya upanga wa zumaridi, inayoendelea katika albamu kadhaa hadi Power of the Dragonflame ya mwaka 2002, na imejaa falme, mashujaa na nguvu za giza. Kiingereza chake ni cha Waitaliano waliokipenda kwa sauti yake kuliko kwa sarufi yake, na kuna mistari ambayo haieleweki hata ukiirudia. Sioni sababu ya kukasirika: maneno hayo yalichaguliwa kwa irabu zinazoweza kuimbwa kwa nguvu katika noti za juu, na yakipimwa kwa kazi hiyo yanafaulu. Msikilizaji asiyependa hadithi za kufikirika hana haja ya kuzifuata hata kidogo.

Soma majina ya waliorekodi

Jambo la mwisho ambalo wengi hulipita ni orodha ya wapigaji na mafundi iliyochapishwa ndani ya kijitabu cha diski. Mtindo huu, hasa katika miaka ya 1990, ulitegemea watu wachache waliofahamiana, na majina yao ni njia nzuri ya kugundua albamu nyingine zilizopuuzwa. Mfano mzuri unatoka mbali na Italia. Angels Cry, albamu ya kwanza ya Angra ya Brazili, ilitoka mwaka 1993 na ilirekodiwa Ujerumani. Mpiga ngoma wake studioni, Alex Holzwarth, hakuwa mwanachama wa bendi bali aliitwa kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 2000 ndiye aliyeingia Rhapsody. Jina la Sascha Paeth nalo limo katika kazi hiyohiyo ya Angra. Aliyeipenda Legendary Tales kwa mchanganyiko wake wa muziki wa kale na kasi ana kila sababu ya kuielekea Angels Cry, ambayo huanza kwa kipande kilichojengwa juu ya simfoni isiyokamilika ya mtunzi wa kale Schubert, na ambayo sauti ya Andre Matos huibeba kwa namna ambayo Lione, pamoja na uhodari wake wote, hakuijaribu.

Ukiwa tayari kuendelea na Rhapsody yenyewe, ninashauri usiingie moja kwa moja kwenye albamu ya pili. Ruka hadi Power of the Dragonflame, usikilize umbali uliosafiriwa katika miaka mitano, namna kwaya zilivyopanuka na filimbi zilivyosogezwa pembeni, kisha ndipo urudi Symphony of Enchanted Lands. Kwa utaratibu huo albamu ya mwaka 1998 itasikika kama daraja kati ya mbili, na "Emerald Sword" itakuwa wimbo mmoja miongoni mwa nyimbo nyingi badala ya kipimo cha kuupimia wimbo kama "Forest of Unicorns", ambao haukuwahi kutaka kufanana nao.